Kimbunga cha Lukozani

Eliezeri Mchome alikuwa amepima upepo kwa miaka ishirini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwomba ausingizie upepo jambo.

Kituo chake kilikuwa ndani ya shamba la mkonge la Lukozani, kwenye tambarare iliyo chini ya mji wa Same. Huko watu huiona mvua kwa macho tu, inanyesha milimani na kuishia milimani. Kituo chenyewe hakikuwa kitu cha kutisha: uzio wa waya, sanduku jeupe la vipimajoto lililosimama juu ya miguu minne, chombo cha kukinga mvua, na mlingoti wenye vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo. Kila siku saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri Eliezeri alifungua kimlango cha uzio, akasoma, akaandika. Kazi hiyo alisomea Nairobi mwaka sitini na nane, enzi za Jumuiya, miezi sita akiwa na wenzake kutoka Uganda na Kenya. Cheti alichopewa alikitundika ukutani kwake kijijini Vudee, huko milimani, juu ya picha ya harusi, na mkewe Eliakunda hakuwahi kulisahau hilo.

Jumuiya ilipovunjika, wakaguzi waliacha kuja. Eliezeri hakuacha kupima. Kila mwisho wa mwezi alijaza karatasi, akazitia kwenye bahasha na kuzipeleka posta Same, na hakuna aliyemjibu. Mshahara wake ulikuwa ukilipwa na shamba, kwa mkataba wa zamani ambao hata meneja hakujua faili lake liko wapi.

Mwaka wa themanini na tisa ulimkuta hivyo, akiwa na miaka hamsini na minne. Ulikuwa mwaka wa ajabu. Sukari na sabuni, vitu ambavyo watu walivipangia foleni miaka mitano kabla, sasa vilijaa madukani Same, na watu waliovipangia foleni walivitazama kwenye rafu kisha wakaenda zao, maana fedha hawana. Shamba lilikuwa linatafutiwa mnunuzi. Kila wiki ilisemwa kuna orodha ya watakaopunguzwa, na kila wiki kila mtu aliona jina lake limo humo.

Kilichompa Eliezeri raha mwaka huo ni redio. Mwezi wa nne ilitangaza kwamba huko Bangladeshi kimbunga kimeshuka kutoka mawinguni kama mkonga wa tembo, kikafagia vijiji, na waliokufa wamepita elfu moja. Mwezi wa tano ikataja vimbunga vya namna hiyo Marekani. Eliezeri alivikusanya vyote kwenye kijitabu chake: nchi, tarehe, idadi ya watu. Jioni, wafanyakazi walipotoka mashambani wakakaa kwenye banda la chai la kambini, aliwasimulia. Alichukua glasi ya mtu, akakoroga chai kwa kijiko mpaka ikafanya shimo katikati, akasema, "Sasa geuza hii juu chini, ifanye kubwa kama ule mlima. Ndiyo hiyo."

Msikilizaji wake mkubwa alikuwa Sylvester, Mnyakyusa wa Rungwe, aliyeingia Lukozani kama mkata mkonge, kisha akahamishiwa zamu ya usiku kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge yabaki nyuzi. Alikaa na mkewe Ikupa kambi namba mbili. Siku moja alimwuliza, "Mzee Mchome, na huku kwetu kinaweza kuja?"

"Huku hatuna hivyo," Eliezeri alimjibu. "Huku tuna visulisuli tu. Vinapeperusha vumbi na nguo za watu, basi."

Mwezi wa nane meneja, Bwana Fredrick, alileta mafundi. Walipanda juu ya kambi namba mbili, nyumba moja ndefu ya vyumba, wakang'oa mabati yote. Yalikuwa mabati mazito ya zamani, yasiyo na kutu hata kidogo. Mahali pake wakaweka mabati yaliyochakaa, yaliyokuwa yamelundikwa nyuma ya korona, mengine yana matundu ya kupita kidole. Misumari haikutosha. Wakapandisha mawe, moja hapa moja pale, kuyagandamiza mabati yasiruke. Baadhi ya mawe mtu mmoja hakuweza kuyanyanyua peke yake. Wakaazi walipolalamika waliambiwa ni matengenezo ya muda, mpaka mnunuzi aje. Mabati mazuri yaliondoka na lori. Walioenda Same gulioni walisema wameyaona juu ya nyumba mpya ya wageni, na hawakusema zaidi ya hapo.

Eliezeri naye aliyaona mawe yale. Alipita chini yake mara mbili kwa siku.

Ilikuwa Jumanne, katikati ya Oktoba, jua limekausha kila kitu na watu wanasubiri vuli. Dakika kumi kabla ya saa tisa Eliezeri alikuwa anatembea kuelekea kituoni, penseli sikioni. Aliona nguzo ya vumbi ikiinuka kwenye shamba lililochomwa moto wiki iliyopita, nyekundu chini na nyeusi juu kwa majivu. Ilikuja inayumbayumba kama mlevi. Ilipita pembeni ya kituo, ikamvua kofia. Vikombe vya mlingoti vikazunguka mpaka vikalia, halafu vikapoa. Alicheka. Aliinama kuokota kofia, na hapo ndipo akasikia kishindo upande wa kambi, kisha kishindo kingine, na baada yake sauti za wanawake.

Alikimbia. Paa la kambi namba mbili lilikuwa limeinuka upande mmoja, kama mtu anayefunua kifuniko cha sufuria achungulie, halafu likakunjika. Mabati machache yalikuwa uani. Mawe yote yalikuwa yameingia ndani.

Walitoa watu watatu. Mmoja alikuwa mzee mpishi wa kambi. Mwingine mtoto mchanga wa jirani. Wa tatu alikuwa Sylvester, aliyerudi kutoka zamu ya usiku na kulala mchana kama ilivyo kawaida ya watu wa korona. Jiwe lilikuwa juu ya mto aliolalia. Ikupa alikuwa kisimani. Alikuja na ndoo kichwani, hakuitua, akasimama nayo mlangoni akiuliza, "Mbona mmeingia kwangu wote?"

Jioni ile Eliezeri aliandika kwenye daftari lake: *Saa 8.50 mchana. Kisulisuli, kutoka kusini-mashariki. Nguvu ya upepo: sita. Muda: chini ya dakika mbili.* Sita, katika kipimo kinachoishia kumi na mbili, maana yake ni upepo unaotikisa matawi makubwa na kumsumbua mtu mwenye mwavuli. Hauvunji nyumba. Aliandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya pili baada ya mazishi Bwana Fredrick alimwita ofisini. Alimvutia kiti mwenyewe na kuagiza chai iletwe.

"Mzee Mchome, shikamoo."

"Marahaba, Bwana Meneja."

"Msiba mzito huu. Wakubwa wanataka taarifa. Mimi nimewaambia, hapa nina mtaalamu, amesoma Nairobi, ataandika yeye." Akakoroga chai yake. "Wewe ndiye uliyetufundisha wote kwamba mwaka huu dunia nzima ni vimbunga. Bangladeshi, Marekani. Sasa kimefika kwetu."

"Hakikuwa kimbunga, Bwana Meneja. Kilikuwa kisulisuli."

"Kisulisuli kinaua watu watatu?"

Eliezeri alitaka kusema kwamba kilichoua watu ni mawe. Neno lilifika kwenye meno likasimama.

"Sikiliza," Bwana Fredrick akasema, sauti imeshuka, karibu ya upole. "Tajiri anayekuja anataka kujua kila mtu hapa ana kazi gani. Nimwambie nini kuhusu mtu anayeandika visulisuli? Lakini kituo kilichorekodi kimbunga cha kwanza katika wilaya nzima, hicho hakifungwi. Wakubwa wako wa hali ya hewa watakuja wenyewe na gari. Umewaandikia miaka mingapi bila jibu?"

Eliezeri aliinua kikombe cha chai. Baadaye, alipokuwa akijihukumu mwenyewe, alijua kwamba orodha ya kupunguzwa ilimtia hofu, ndiyo, ila si hofu iliyomwangusha. Kilichomwangusha kilikuwa kile cha mwisho. Aliona gari likisimama mbele ya uzio wake. Aliona watu wenye mikoba wakishuka, wakiuliza Bwana Mchome yuko wapi. Kwa kitambo kidogo, akiwa ameshika kikombe cha chai cha meneja, alijaribu kukumbuka ile nguzo ya vumbi ilikuwa nene kiasi gani, na ikaanza kunenepa.

Aliandika taarifa pale pale, kwa hati yake nzuri. *Kimbunga chenye umbo la mkonga. Nguvu: kumi na moja.* Akaweka saini. Kisha akarudi kituoni, akachana ukurasa wa Jumanne, akauandika upya. Ule wa zamani aliutia motoni chini ya birika lake.

Na kweli walikuja. Gari lilisimama mbele ya uzio. Kijana mmoja mwenye miwani alimshika mkono kwa mikono miwili, akatazama vipimajoto, akasema mzee, watu kama nyinyi wamebaki wachache. Gazeti liliandika mistari minane, jina lake likiwa katika mstari wa tatu. Vudee walilisoma kanisani baada ya matangazo, na Eliakunda alikata kile kipande akakibandika chini ya cheti.

Wiki ya pili ya Novemba Ikupa alikuja kituoni. Alikuwa amejifunga kaniki, macho makavu. Alisimama nje ya uzio kwa sababu siku zote kulikuwa na ubao uliokataza watu kuingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Pole. Pole sana."

"Nimetoka kwa meneja. Nimeuliza haki ya marehemu. Ameniambia kimbunga ni kazi ya Mungu, na kazi ya Mungu haina fidia. Ameniambia pia chumba kile ni cha mfanyakazi, mimi si mfanyakazi, nitoke mwisho wa mwezi." Aliusogelea uzio. "Nikamwuliza nani kasema ni kimbunga. Akasema wewe."

Eliezeri alishika waya wa uzio. "Ni taarifa ya kitaalamu, mama. Kuna vipimo."

"Mimi sijui vipimo. Nina kuku sita. Siku ile walikuwa uani, chini ya ule mpapai. Nimerudi kisimani, nimewakuta chini ya mpapai. Hakuna hata mmoja aliyeruka. Mpapai umesimama, mapapai yake yote yako juu." Alimtazama usoni. "Sylvester alikuwa akirudi kutoka kwenye banda la chai ananisimulia maneno yako. Kimbunga kinabeba ng'ombe, kinabeba gari la moshi. Sasa wewe uliyekuwepo, mwenye vipimo, niambie. Kiliwaachaje kuku wangu?"

"Kimbunga ni kitu cha ajabu," Eliezeri alisema. "Kinaweza kuvunja nyumba hii kikaacha ile." Na hilo lilikuwa kweli. Alikuwa amelisoma Nairobi. Ndiyo maana lilimtoka kwa urahisi.

Ikupa alitikisa kichwa polepole, si kwa kukubali. "Haya, mzee," akasema, akaondoka.

Tangu siku hiyo chakula kilimwia kigumu. Alienda Vudee mwisho wa wiki, mkewe akampikia makande, akayaacha. Eliakunda akamwuliza kama ni homa. Akasema ni homa.

Novemba ilikuwa inakaribia kwisha redio iliposema habari nyingine. Huko Marekani, jimbo la New York, upepo umeangusha ukuta wa shule juu ya watoto waliokuwa wanakula chakula cha mchana, na watoto wamekufa. Wengine wanasema ni kimbunga. Lakini, redio ikasema, wazazi wanauliza ule ukuta ulijengwaje.

Eliezeri alifungua kijitabu chake aandike: nchi, tarehe, idadi. Kalamu haikwenda. Alikaa na yale maneno, ule ukuta ulijengwaje, mpaka betri za redio zikaisha nguvu.

Asubuhi hakusoma vipimo, mara yake ya kwanza kufanya hivyo bila kuumwa. Alivaa koti lake la kanisani, akapanda lori la mkonge mpaka Same, akaingia ofisi inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi. Alikaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa sita. Karani alipomwita alimweleza kila kitu, kutoka mabati mpaka mawe, mpaka ukurasa aliouchoma. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayesoma mvua ya mwezi.

Karani alikuwa mtu wa makamo, si mkali. Alifungua faili, akatoa karatasi, akaigeuzia kwake.

"Hii hati ni yako, mzee?"

"Ni yangu."

"Na saini?"

"Ni yangu."

"Umesema hapa kimbunga, nguvu kumi na moja. Leo unasema kisulisuli, nguvu sita. Nikuulize kitu kimoja tu. Ulisema uongo lini, siku ile au leo?"

"Siku ile."

"Una ushahidi gani?"

"Mabati yapo mjini hapa hapa. Nenda kaangalie ile nyumba ya wageni."

"Bati halina jina, mzee."

"Ukurasa wa kwanza—"

"Umesema umeuchoma." Karani alifunga faili. "Mimi nikipeleka hii juu, watauliza huyu mtu alitaka nini akanyimwa. Na orodha ya kupunguzwa ya shamba lenu imetoka jana. Jina lako limo. Watasema ana kinyongo." Akamtazama kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Nenda nyumbani, mzee wangu."

Hivyo ndivyo Eliezeri alivyojua kwamba amepunguzwa.

Alitoka hajui aelekee wapi, miguu ikampeleka stesheni, kwa sababu barabara ya huko ndiyo iliyoteremka. Watu walikuwa wanasubiri treni ya kwenda chini, Korogwe na kuendelea. Ikupa alikuwa amekaa juu ya furushi lake, mbali kidogo na wengine, tenga la kuku pembeni. Alimwona akija. Hakumwamkia.

"Unarudi Rungwe?" Eliezeri aliuliza.

"Kwa dada yangu."

Alipiga magoti mbele yake, mzee mzima na koti lake, vumbi likamjaa magotini. Akamwambia. Akasema kilikuwa kisulisuli, akasema mawe, akasema ametoka ofisini sasa hivi, amesema kweli na hawakuisikia. Aliongea haraka, akiitazama reli, akiogopa treni itafika kabla hajamaliza.

Ikupa alimwacha amalize.

"Haya yote umeniambia ili nifanye nini?"

"Nilitaka ujue ukweli."

"Nilikuwa naujua. Mimi ndiye niliyeliona jiwe juu ya mto wake. Ulidhani nilikuja kwako kuuliza?" Alivuta tenga karibu na miguu yake. "Nilikuja ili uuseme. Siku ile ungetoka nje ya uzio wako tukaenda wote kwa meneja, mbele ya watu wa kambi, hata kama tungeshindwa, ningejua Sylvester alikuwa na rafiki. Alikuwa anakuita rafiki yake, unajua? Sasa unakuja kuniambia stesheni."

Eliezeri aliingiza mkono mfukoni. Ikupa aliuona ule mkono.

"Usitoe kitu," akasema. "Tafadhali."

Treni ilikuja imechelewa na imejaa. Watu walisukumana. Mtu mmoja alimpokea furushi dirishani, mwingine akapokea tenga, na yeye akapanda kwa mlango wa nyuma. Eliezeri alisimama akitafuta uso wake kwenye madirisha hadi behewa la mwisho, asiupate.

Mnunuzi aliingia Lukozani mwaka uliofuata. Kambi namba mbili ilibomolewa, na hakuna aliyeijenga tena. Bwana Fredrick alipewa shamba lingine kubwa zaidi. Wale watu wa mikoba hawakurudi. Ile taarifa ya kimbunga ilikaa katika faili fulani, safi, yenye hati nzuri.

Eliezeri alipanda Vudee, akalima viazi na maharage kwenye kipande cha mteremko. Mara moja alijaribu kumwambia Eliakunda. Mkewe alisikiliza, jembe mkononi, kisha akasema, "Usiwaambie watoto." Wakaendelea kulima. Kipande cha gazeti hakukibandua, wala mumewe hakumwomba akibandue, maana wageni wangeuliza.

Kijijini walimpa jina, Mzee Kimbunga. Walimpa kwa heshima. Kila upepo ulipovuma kwenye mabonde, vijana waliokuwa wakitengeneza barabara walisimama kumpisha na kumwuliza, "Shikamoo, Mzee Kimbunga. Huu nao ni nguvu ngapi?"

"Marahaba," alijibu. "Mbili. Huu ni mbili tu."

Na wao wakacheka, wakidhani anatania.